Shimo la Jiwe la Tisa

Ban Nong Phai, Sai Yok
8 Januari, mwaka wa Buddha 2522

Mwanangu Ketsara,

Nimeficha jambo, na sitaki kuingia nalo kwenye tanuri la kuchomea maiti. Ardhi iliyo chini ya ukumbi mpya wa hekalu letu inapumua. Nalijua hilo tangu mwanzo wa Desemba, na kijiji kizima nimekiambia kwamba ni nyuki.

Usicheke kwanza. Mashimo manane ya nje, ya mawe ya mpaka yanayozikwa kuuweka ukumbi wakfu, yalichimbwa bila shida. Lilibaki la tisa, la katikati ya ukumbi, ambalo jiwe lake ndilo zito kuliko yote. Fundi Uthit na vijana wake walikuwa wamefika kina cha kiuno, jua likielekea kuzama, sururu ikatoboa. Kwenye sakafu ya shimo likafunguka tundu la kupitisha vidole viwili. Ukatoka upepo wa baridi, na nyuma ya upepo vikatoka vitu vidogo vikiruka, vikawapiga usoni. Wale vijana walitoka shimoni kama vyura.

Luang Pho, mkuu wetu wa hekalu, akaniita. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyetufundisha sayansi sote hapa, hata mimi kabla sijanyoa nywele. Angalia, utuambie."

Nikapiga magoti ukingoni, nikainama, nikakaa hivyo kwa muda unaotosha watu kuridhika. Kisha nikasema: "Nyuki wachimbaji. Wanaishi ardhini, hawana madhara. Endeleeni."

"Na huu upepo?" akauliza Uthit.

Kabla sijafungua mdomo, bibi Chamoi muuza maua akadakia: "Ni Naga anapumua, zuzu wewe! Joka la baraka limekuja lenyewe kulinda hekalu, na wewe unalichoma na sururu."

Jioni ile ile watu wakaja na ubani. Sasa wanatoka mpaka ng'ambo ya mto, wanapiga magoti na kuweka viganja vyao juu ya tundu ili wapate pumzi ya Naga. Sikuwakanya. Tarehe 11 Februari kamba zitakazoyaning'iniza mawe zitakatwa, yote tisa yashuke mashimoni, na ukumbi utajaa hadi mlangoni. Unajua watu wetu: hakuna atakayekubali kukaa nje siku kama hiyo, maana anayeshuhudia jiwe la katikati likishuka hubeba thawabu ya kumtosha maisha yajayo.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe ndiye msomi wa wadudu. Niambie mtu anatofautishaje nyuki mchimbaji na mnyama mwingine yeyote mdogo atokaye ardhini. Niandikie kwa maneno, kwa kirefu, kama unamweleza mtoto.

Daktari wa wilaya aliusikiliza moyo wangu, kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye Sisimizi mmoja, yuko Chiang Mai.

Baba yako mkubwa,
Thawin

*

Chiang Mai
15 Januari

Baba mkubwa,

Salamu na shikamoo. Daktari alisemaje hasa? Umeruka hapo kama mwanafunzi anayeruka swali gumu. Na barua yako imenichukua jioni nzima: mistari imepandana, mmoja umeandikwa juu ya mgongo wa mwenzake. Mkono unatetemeka kiasi hicho? Mwambie Mtawa Lamyai akuandikie.

Haya, somo. Wewe mwenyewe ulinifundisha kulinganisha kwanza, kutaja jina baadaye. Kwa Sai Yok namjua mnyama mmoja tu anayeweza kuchanganywa na nyuki wako, kwa hiyo nitawaweka hao wawili kwenye mizani.

Nyuki mchimbaji hana malkia wala mzinga. Kila jike huchimba chumba chake peke yake, hata akiwa na majirani mia. Udongo anaousukuma nje hubaki umezunguka mdomo wa tundu kama kichuguu kidogo. Ni mtoto wa jua. Kukiwa na wingu hasogei. Na huenda kwa macho, Baba mkubwa. Kabla ya kuondoka hugeuka, analitazama tundu lake, analitazama jiwe lililo karibu, anaitazama nyasi, anayashika hayo yote kichwani. Ukiondoa lile jiwe, atazunguka hewani amepotea, na mlango wake uko chini yake. Humwekea mwanawe donge la chavua, hutaga yai, huziba, na hamwoni tena.

Yule mwingine ni popo wa mapango yetu ya chokaa, mdogo kuliko popo wote tunaowajua. Hana mkia, pua yake kama ya nguruwe, mwili wake kama pingili ya kidole gumba, uzito wake kama punje sita za mahindi. Akiruka machweo mtu humdhania nyuki mkubwa, na si aibu. Hutoka muda mfupi jua likizama, na tena kabla ya mapambazuko. Macho anayo lakini hayategemei: hutoa sauti na kusikiliza inavyorudi, hivyo ndivyo anavyojua ukuta uko wapi. Huzaa mtoto mmoja, na mtoto hung'ang'ania mwilini mwa mama. Ila popo huyu hachimbi. Hana chombo cha kuchimbia hata konzi moja ya udongo. Ukimwona akitoka ardhini, ujue tundu lile limetengenezwa na maji, tangu zamani sana, na ni mdomo wa kitu kikubwa.

Kwa hiyo nijibu. Kulikuwa na udongo uliozunguka tundu? Wanatoka saa ngapi? Uliona mabawa manne ya kung'aa, au ngozi iliyotandazwa juu ya vidole? Nimekuchorea wote wawili kwenye karatasi hii nyingine, nyuki kushoto, popo kulia. Weka alama tu kwenye uliyemwona, urudishe.

Kama ni nyuki, lala usingizi, na mimi nilale. Kama ni popo, basi chini ya ukumbi wenu hakuna ardhi. Kuna paa tu, na ninyi mko juu yake.

Sisimizi wako,
Ketsara

*

Ban Nong Phai
23 Januari

Mwanangu,

Michoro yako ni mizuri. Nimeiweka chini ya mto.

Sijalala tangu barua yako ilipofika. Nakwenda ukumbini kila siku jua likizama, wafanyakazi wakiwa wameshuka mtoni kuoga. Nalala kifudifudi juu ya mbao walizofunikia shimo na kutega sikio. Chini kuna mlio kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, mbali, kana kwamba uko chumba cha tatu. Kisha kuna tone la maji. Tone hilo huchukua muda mrefu kufika linakokwenda, Ketsara.

Juzi niliondoa ubao mmoja, nikaning'iniza mkono shimoni, juu ya tundu. Kitu kikatua mkononi mwangu. Kilikuwa na joto. Kilikuwa na moyo uliokuwa ukipiga haraka kuliko mvua juu ya bati, na kikanishika kidole kama mtoto mchanga anavyokishika, bila kujua kwamba kinashika. Nyuki hana joto lile. Nyuki hamshiki mtu.

Nikakiacha kiende. Nilikuwa bado nimepiga magoti Uthit aliporudi, kichwa kinamdondoka maji.

"Mwalimu! Unambusu Naga? Mwachie na bibi Chamoi, ana wivu yule!"

"Naangalia nyuki," nikasema.

"Wazima?"

"Wazima."

Huo ukawa uongo wa pili, na niliusema wakati joto la yule mnyama halijanitoka kiganjani. Uthit akaupiga ubao mguu wake kwa furaha, na mimi nikasikia jinsi sakafu ilivyoitikia, kama ngoma iliyoachwa juani. Yeye hakusikia. Alikuwa anaimba.

Utaniuliza kwa nini nisimwendee Luang Pho. Nimekwenda mara mbili hadi kwenye ngazi yake. Nikisema ni popo, ataniuliza siku ile niliona nini. Swali hilo naliogopa kuliko shimo. Hapa kijijini watu wakibishana juu ya bei, samaki, mwaka wa gharika, husema, "Tumwulize Mwalimu." Ukiniondolea hilo, ninabaki mzee mwenye kikohozi ambaye lazima ahamishwe kwa ndugu na kuwekwa kwenye kona.

Labda ardhi itashikilia. Imeshikilia mafundi, imeshikilia saruji. Usimwambie mtu.

Thawin

*

Chiang Mai
30 Januari

Baba mkubwa,

Nimemwambia mtu. Nilimpelekea Luang Pho simu ya maandishi siku ile ile barua yako ilipofika. Amenijibu, na namnukuu alivyosema: "Mwalimu Thawin ameliangalia shimo mwenyewe, mbele ya watu. Macho yale yalinikamata nikiibia mtihani nikiwa na miaka kumi, nimejificha nyuma ya mgongo wa mnene Somphop. Nayaamini kuliko simu ya mtoto aliye mbali. Pona haraka."

Anasema pona kwa sababu nina malaria. Niko kitandani hospitalini, natetemeka mpaka kitanda kinalia, na daktari amenificha viatu. La sivyo ningekuwa huko nimekaa juu ya lile jiwe.

Hukurudisha michoro. Hukunijibu kuhusu udongo, wala mabawa. Umeniandikia joto, mlio, tone la maji. Mzuri sana ushahidi huo, ningekupa alama zote. Lakini nakuuliza kitu kimoja rahisi na unakizunguka. Kwa nini?

Wewe ndiye uliyenilea. Hukuwahi kunidanganya hata siku mama yangu alipokufa, wakati wengine wote waliniambia amekwenda sokoni. Uliniketisha ukaniambia. Sasa waketishe na hao. Watakaokaa mbele siku hiyo ni akina mama wa jikoni, maana wao ndio wanaopika, na watapewa mahali pa heshima. Pa heshima ni katikati. Fikiri bibi Chamoi amekaa juu ya paa na sinia lake la maua.

Ukiogopa aibu, niletee mimi hiyo aibu niibebe. Ila sema.

Ketsara

*

Hekalu la Nong Phai
5 Februari

Kwa Ketsara,

Ni mimi Mtawa Lamyai, wa jikoni. Baba yako mkubwa hajui kwamba nakuandikia. Samahani kwa mwandiko, nilisoma hadi darasa la nne, na lile la nne nililala.

Barua zako mimi ndiye ninayemsomea. Huniambia ni kwa sababu sauti yangu nzuri. Sauti yangu si nzuri, hata mbwa wa hekalu huondoka nikianza sala. Barua yako ya mwisho alinisomesha mara tatu, kisha akaomba aishike mwenyewe, akakaa nayo mapajani hadi uji ukapoa.

Hali chakula. Jana nilimkuta amejilaza shimoni, siyo ukingoni, shimoni kabisa, sikio kwenye tundu. Nikamwambia, "Mwalimu, toka humo, utazikwa kabla ya siku yako." Akasema, "Lamyai, wameongezeka. Wanazaa." Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni homa. Ilikuwa hofu, mwanangu. Nimewaosha wafu wengi, naijua hofu ya mtu aliye hai.

Mimi nilikwenda kwa Luang Pho. Nikasema kuna pango chini. Akanicheka kwa upole, akasema mwanamke wa jikoni ashughulike na wali, maana Mwalimu keshaangalia. Ningeweza kusema neno moja na asingecheka tena, lakini neno hilo nimeapa mbele ya sanamu kwamba silisemi. Ni la Mwalimu kulisema.

Jiwe limeshaning'inizwa. Watu wanalibandika vijikaratasi vya dhahabu mpaka limekuwa kama jua. Wanatupia shimoni sindano, uzi, penseli za watoto ili watoto wawe na akili. Nami niliangusha sindano yangu. Sikuisikia ikifika.

Ukiweza kutembea, njoo. Usipoweza, tuombee.

Lamyai

*

Ban Nong Phai
13 Februari

Mwanangu Ketsara,

Lamyai ananiambia homa imekuachia na Jumapili utashuka kwenye basi. Nimemtuma mtu akukabidhi barua hii kituoni. Nataka uisome kabla hujaingia uani, kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema huku umesimama mbele yangu.

Kwanza ujue: hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyekwaruzwa.

Mawe manane ya nje yalishuka kwa amani. La tisa lilishushwa ukumbi ukiwa mtupu, watu wote wamerudishwa nyuma hadi kwenye ukuta wa jikoni. Uthit alifunga panga kwenye mwanzi mrefu, akakata kamba akiwa amesimama mlangoni. Jiwe likaenda. Tukalisikia likigonga chini ya shimo. Uthit akageuka kutucheka, nadhani alishafungua mdomo, na ndipo tukalisikia likigonga tena, chini zaidi. Kisha mara ya tatu, na huko maji yakaitika. Baada ya hapo sakafu ya katikati ikafuata, taratibu, kigae kwa kigae, eneo la mikeka mitatu minne. Ni pale pale walipokuwa wameketi akina mama wa jikoni. Mkeka wao ulikwenda pamoja na sinia la maua la bibi Chamoi.

Jua lilipozama popo wakatoka. Hata mimi niliwasikia, ule upepo mdogo mdogo mwingi juu ya vichwa vyetu, muda mrefu, bila kuisha. Wa kwanza kusema alikuwa Chamoi. "Naga gani huyu," akasema, "mwenye watoto wengi kiasi hiki?" Watu wakacheka, kisha wengi wakalia. Luang Pho amesema ukumbi ule sasa ni wa popo, na sisi tutajenga mwingine ng'ambo ya kijito, tutakapopata nguvu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa kabla ya hapo.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Ndiyo, hata baada ya barua yako. Asubuhi ya tarehe 11 nilivaa shati jeupe, nikakaa ukumbini pamoja na wazee, nikajiambia ardhi itashikilia. Wakaingia watu. Nikasikia kila mguu. Sakafu ilikuwa inabadilika sauti, Ketsara, kadiri walivyoongezeka, kama mtungi unavyobadilika sauti unapojazwa, ila hii ilikuwa inashuka badala ya kupanda. Hakuna mwingine aliyekuwa anasikiliza. Watoto walikuwa wanaruka. Mmoja aliruka karibu na goti langu, mara kwa mara, kwa furaha tu, na kila akitua mimi nilikuwa nakufa.

Nikainuka. Nikaenda mbele nikipapasa mabega ya watu. Wakadhani nakwenda kubandika dhahabu, wakanipisha. Nilipofika kwenye shimo nikaketi ukingoni, nikateremsha miguu ndani, chini ya lile jiwe, ili wasiweze kukata kamba.

Kelele zikaanza. "Mwalimu, unaharibu saa ya baraka!" "Mzee anataka kuzikwa bure, na dhahabu juu!" Uthit akanishika kwapa, akaninong'oneza, "Toka, Mwalimu, utanifukuzisha kazi." Nikasema kwa sauti niliyokuwa nikitumia darasani: "Chini yetu ni pango. Hawa si nyuki, ni popo, na popo hawachimbi. Toeni watoto."

Watu wakaanza kunung'unika. Hakuna aliyetoka. Wangetokaje? Mtu yule yule alikwishawaambia waendelee.

Luang Pho akashuka kwenye kiti chake. Nikasikia joho lake likifagia sakafu, akachuchumaa mbele yangu, karibu, nikasikia harufu ya tambuu kwenye pumzi yake.

"Mwalimu," akasema polepole, "mwezi wa Desemba ulipiga magoti hapa hapa. Uliangalia mbele yetu sote, ukaona nyuki. Leo unasema ni popo. Nikuamini siku ipi?"

Hilo ndilo swali nililokimbia miezi miwili. Ukumbi wote ulikuwa unalisubiri jibu lake. Miguu yangu ilikuwa kwenye ule upepo wa baridi, na bado nakwambia kweli, kilichonitetemesha hakikuwa kilicho chini ya miguu. Yule mtoto aliruka tena. Nikafungua mdomo.

"Sikuona nyuki, Luang Pho," nikasema. "Wala sikuona popo. Hata wewe sikuoni. Tangu mvua za mwaka juzi mimi ni kipofu."

Baba yako mkubwa,
Thawin